Hamira ya Freha

Imintala, 14 Septemba 1997

Shangazi yangu Ijja,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, Zineb na mumewe, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu mhamie nyumba isiyo na ngazi. Sisi huku hatujambo. Tuda anakusalimu sana, na anasema ukija tena umletee ule uzi wa Casablanca, si huu wa dukani kwa Haji Bella unaokatika ukiutazama. Lozi zimezaa kidogo mwaka huu. Mvua ilinyesha siku mbili, tukafurahi, ikaondoka. Kaburi la Baba tumeliwekea mawe mapya, naye kaka yako angalau sasa analala pazuri.

Barua yako ya mwezi wa sita niliisoma mara tatu. Habari zenyewe nilikuwa nazo tayari, lakini ule ulikuwa mwandiko wako. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa kuketi darasani na daftari, ukaacha kuwaandikisha watu mambo yako! Mimi mwalimu nakupa alama zote, isipokuwa kwenye herufi kubwa. Hizo umezimwaga popote kama chumvi.

Sasa jambo lenyewe. Shangazi, siwezi kutulia. Mwezi wa saba ukuta wa mtaa wa mellah upande wa mto umeanguka, na watu wameanza kubeba milango. Juzi niliwauliza watoto darasani: ule mtaa mtupu kando ya mto, nani aliishi mle? Mmoja akasema majini. Mwingine akasema mbuzi wa Haji Bella. Basi. Wayahudi wetu waliokaa na babu zetu tangu zamani zisizojulikana, wakatushonea matandiko na kutufulia mapambo ya fedha ya maharusi, wamebaki kuwa majini na mbuzi.

Kwa hiyo nimeanza kuchora njia. Ni ya mguu, mwendo wa saa tatu: kutoka chemchemi, kupitia soko la zamani la Jumatano, kushuka mellah, kisha makaburini kwao, na kupanda hadi kaburi la Rabi Daudi kule pangoni. Kila penye jambo naweka jiwe lenye alama ya buluu, na kila jiwe nataka liwe na hadithi yake ya kusimuliwa. Wazee wanaokumbuka hawazidi vidole vya mkono, na wawili kati yao wanabishana hata juu ya jina la mto. Wewe ulikulia ukuta kwa ukuta na mellah. Niandikie unachokumbuka.

Zaidi ya yote niandikie habari ya hamira ya Freha, kwa maneno yako. Mimi naijua kama anavyoijua kila mtu wa nyumba yetu: kwamba kila mwaka, kabla ya sikukuu yao ya mikate isiyotiwa hamira, Freha mke wa Makhluf alimletea Bibi Rkiya hamira yake, lile donge la unga mchachu, akaichukua tena jioni ya siku ya nane, kwamba mwaka 1962 malori ya kuwahamisha Wayahudi yalikuja siku ya nne ya sikukuu, na kwamba Bibi akailisha unga na maji mpaka ulipoolewa, ukaibeba, na mpaka leo iko kwenye chungu chako huko Casablanca. Hadithi hiyo nataka iwe mbele ya mlango wa Makhluf, penye jiwe kubwa kuliko yote.

Tuda anasema nimeoa njia. Ameshanishonea viatu mara mbili.

Mwanao,
Bihi


Casablanca, 2 Oktoba 1997

Mwanangu Bihi,

Wa aleikum salaam. Barua yako imefika, na goti limeisikia likaanza kuuma upya, maana umetaja ngazi. Zineb hajambo, mumewe hajambo. Mwambie Tuda uzi upo, nimeshaununua, unasubiri mtu wa kuubeba. Herufi kubwa nitaweka ninapotaka mimi. Mwalimu wangu wa huku hanidharau.

Umefanya vizuri kuhusu hiyo njia. Kaka angefurahi. Nakupa ninayokumbuka.

Makhluf alikuwa mtengeneza matandiko ya punda. Hakuna punda wa Imintala ambaye hakuvaa tandiko lake. Siri yake ni kwamba alijaza kila tandiko kwa majani makavu ya shamba la mwenye punda, hata kama mwenyewe ni mvivu na inabidi Makhluf aende kuyakata. Alikuwa akisema punda anayebeba harufu ya kwao hapotei. Na kweli, walioibiwa punda walikuwa wanakaa tu mlangoni wanangoja. Sasa sikia. Malori yalipowachukua, Jumanne ya kwanza, siku ambayo watu walikuwa wakipeleka matandiko kwa Makhluf yatengenezwe kabla ya soko, punda saba walijifungua kamba wakaenda kusimama mbele ya mlango wake. Niliwaona kwa macho yangu, nilikuwa na miaka kumi na minne. Hawakulia wala hawakula. Baba akaenda kuwarudisha kwa fimbo, na alipokuwa akiwapiga alikuwa analia yeye. Hiyo iandike.

Penye kaburi la Rabi Daudi, usiandike kwamba ni lao peke yao. Mama alinipeleka huko nilipofika miaka mitatu bila kuongea. Nililazwa pangoni alasiri moja pamoja na binti wa Freha, Tamu, aliyekuwa na kikohozi. Tulipotoka mimi naongea na Tamu bado anakohoa. Freha akasema Rabi amechanganya mafaili. Walicheka hiyo miaka yote.

Tamu alikuwa rafiki yangu. Kituo cha pale kisimani ukiite kwa jina lake, tulikuwa tunachota pamoja, na alikuwa ananimwagia maji makusudi.

Habari ya hamira iache. Ni jambo la jikoni, halina maana kwa watu wanaotembea milimani.

Andika tena, usijichoshe.

Shangazi yako,
Ijja


Imintala, 9 Novemba 1997

Shangazi,

Asalaam aleikum. Tuko salama, ila Tuda alianguka akichuma mizeituni, akateguka mkono. Ameshapona, lakini hajaacha kunikumbusha kwamba siku hiyo mume wake alikuwa makaburini akipaka mawe rangi.

Hadithi ya punda nimeisoma darasani. Nilipofika pale Babu anapowapiga huku analia, hata wale wa nyuma waliacha kuchokozana, na unawajua watoto wa Imintala. Kesho yake watatu kati yao walikuja na majina ya punda wa babu zao.

Lakini usidhani kila mtu anafurahi. Haji Bella alinisimamisha mbele ya duka lake, watu wakisikiliza.

"Mwalimu," akasema, "ukiwachorea njia, watakuja."

"Ndiyo kazi ya njia, Haji."

"Wakija watataka nyumba zao."

"Watataka kuziona."

"Na mbuzi wangu walio nyumbani kwa Makhluf?"

Nikamwambia mbuzi nao watapigwa picha. Hakucheka, wala watu hawakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake aliwahi kuwaambia Wayahudi wale kwamba wakirudi watakuta kila kitu mahali pake, na yeye Haji ameuza milango miwili. Tangu siku hiyo ananikwepa. Hata hivyo nilipopita Ijumaa nilikuta zizi limefagiwa.

Kuhusu hamira nimekataa amri yako, nisamehe. Wewe unaona ni jambo la jikoni kwa sababu umelizoea. Mimi kila nikifika kwenye mlango ule miguu inakataa kuendelea. Watu waliondoka mchana mmoja, unga ukiwa bado kwenye pipa, na kitu chao kimoja bado kiko hai mikononi mwa jirani. Nimeliandika kwenye kijikaratasi cha njia, tumechapisha mia mbili mjini. Nakutumia kimoja. Tazama ukurasa wa nyuma: hamira inayolishwa tangu 1962 na binti wa nyumba ya jirani, ikingoja wenyewe. Nimeweka jina lako kamili.

Tumepanga kuifungua njia majira ya kuchipua.

Bihi


Casablanca, 20 Novemba 1997

Bihi,

Sisi wazima. Pole ya mkono wa Tuda.

Nilikuomba uliache jambo lile. Vichome hivyo vijikaratasi, au ukate ukurasa wa nyuma kwa mkasi, mia mbili si vingi. Jina langu sikukupa.

Ijja


Imintala, 6 Januari 1998

Shangazi yangu,

Asalaam aleikum, na Ramadhani njema. Sisi tunafunga vizuri, isipokuwa mimi sigara inanisumbua na Tuda anajua ninapojificha. Theluji iko mlimani juu. Barua yako kali niliipata. Nilidhani ni haya zako za kawaida za kutopenda kusifiwa. Basi nikaamua kukata kurasa zilizobaki, naapa, mkasi ulikuwa mkononi. Lakini vijikaratasi hamsini vilikuwa vimeshatoka, na kimoja kimefika mbali.

Shangazi, Tamu ameniandikia.

Tamu wa Freha. Anaishi mji wa Ashdodi, katika nchi waliyohamia, ana watoto wanne, aliuziwa nguo na mtu aliyetembea huku, mtu huyo akamwonyesha kijikaratasi baada ya kumsikia akitaja Imintala. Ameandika kwa Kifaransa, kurasa mbili, na katikati ameandika maneno ya Kishelha chetu kwa herufi za Kifaransa, nikalazimika kuyasoma kwa sauti ndipo yakanijia. Anauliza kama kisima bado kipo na kama wewe bado ni mwoga wa vyura.

Na kuna hili. Freha bado yu hai. Ana miaka themanini na mitatu, macho hayaoni, hawezi kusafiri. Tamu alimsomea kijikaratasi na mama yake akamwambia arudie ukurasa wa nyuma. Tangu hapo, anasema, hazungumzi jambo jingine. Tamu atakuja mwezi wa nne, jioni ile ile ya kumaliza sikukuu yao, tarehe kumi na nane, na tumeamua ndiyo iwe siku ya kufungua njia. Anataka kumchukulia mama yake kipande cha ile hamira.

Unaona sasa? Utakuja nayo mwenyewe, utampa mkononi, mbele ya mlango wao, miaka thelathini na sita baadaye. Nimeshindwa kulala mchana baada ya swala kama wenzangu, nimetembea njia yote mara mbili kwa saumu.

Niandikie haraka basi gani utapanda.

Bihi


Imintala, 20 Februari 1998

Shangazi,

Asalaam aleikum. Idi imepita na hukuandika. Mke wa fundi bomba aliyetoka huko anasema amekuona sokoni ukichagua nyanya, kwa hiyo najua u mzima. Simu ya dukani nisingeitumia, unajua jinsi Haji Bella anavyopangusa kaunta ile ile mtu akiwa kwenye simu.

Nakuandikia kwa hasira kidogo, na ni afadhali nikwambie. Tamu ameshakata tikiti. Mama yake anahesabu siku. Mimi nimeahidi kwa niaba yako kwa sababu sikuweza kufikiri kuwa mwanamke aliyelisha unga chungu kimoja miaka yote hii atakataa kukifungua mwenye hamira akija. Kama ni kuhusu siasa na yanayotokea huko kwao, sema. Kama una chuki na mimi, sema. Lakini kunyamaza siku arobaini na tano si tabia yako.

Jibu tu.

Bihi


Casablanca, 1 Machi 1998

Bihi,

Wa aleikum salaam. Barua zako zote mbili zilifika. Sisi wazima. Zineb ana mimba ya miezi mitano, tuombee. Umeuliza kama nina chuki na wewe. Sina. Naogopa.

Hamira ya Freha ilikufa. Haipo. Ilikufa mwaka 1969.

Nimeharibu karatasi tatu kabla ya hii. Zamani, nilipokuwa nawaandikisha watu, nisingeweza kuyasema haya. Kumbe nilijifunza kuandika ili nije niandike hili.

Kabla ya Zineb nilikuwa na mtoto wa kiume. Hukuambiwa kwa sababu hatajwi. Zineb mwenyewe hajui. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakulitamka jina lake tena mpaka anaingia kaburini, nikadhani nami natakiwa kufanya hivyo. Aliitwa Idder. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, ameanza kutembea kwa kushika ukuta, na alikuwa akifika mwisho wa ukuta anakaa chini anasubiri mtu amgeuze. Surua ilipita mtaani kwetu ikachukua watoto wanne kwa juma moja. Yeye alikuwa wa tatu.

Desturi unaijua. Nyumba yenye msiba haiwashi moto siku tatu, majirani ndio wanaoleta chakula. Siku tatu zilipita, mimi sikuinuka. Majirani wakaendelea kuleta. Sikukanda, sikupika, sikufunua kitu. Nilipoinuka ilikuwa siku ya thelathini na kitu, nikaenda kwenye chungu, nikakuta ndani kweusi na funza wanatembea. Unaelewa, Bihi? Nilikabidhiwa viwili vya kutunza, na vyote viwili vilinifia ndani ya mwezi mmoja.

Mama alikuwa njiani anakuja kwa arobaini. Nikakisugua chungu kwa majivu, nikakimbilia tanuri la mtaa, nikamwomba mwokaji donge la hamira yake, nikalitia humo, nikafunika. Mama alifika na basi la asubuhi. Alinishika, akalia nami. Kisha akaingia jikoni mwenyewe kuandaa unga wa wageni, akafunua chungu. Akainama akanusa. Alinusa kwa muda mrefu sana. Akageuka akanitazama, nami nikasema, "Ni ile ile, Mama, nimeilisha." Nilisema hivyo kabla hajauliza.

Akasema, "Ndiyo hii. Endelea kuilisha, binti yangu."

Nikaendelea. Mama aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, na kila alipokuja alisifia mkate wangu mbele za watu: huu ni wa Freha. Nimemdanganya mama yangu kwenye arobaini ya mjukuu wake, na amekufa akiwa anaamini. Kila nikitia mkono kwenye kile chungu najiona.

Sasa unataka nimpelekee mwanamke kipofu wa miaka themanini na mitatu hamira ya mwokaji wa Casablanca aile akidhani ni yake. Siwezi. Na kumwambia ilikufa pia siwezi. Mwambie Tamu nimehama, mwambie ninaumwa, mwambie lolote. Lakini haya niliyoandika ni yako peke yako. Usimwambie mtu, hata Tuda.

Ijja


Imintala, 22 Machi 1998

Shangazi yangu,

Asalaam aleikum. Tuko wazima, na Tuda hajui kitu. Hilo nililitimiza. La pili sikulitimiza, na nakwambia mapema ili usisome barua hii yote ukiwa hujui: nimemwambia Freha.

Nilipanda basi hadi mjini kupiga simu kutoka ofisi ya posta. Nilikwenda kumwambia Tamu kwamba unaumwa. Niliyapanga maneno njia nzima. Tamu akapokea, na kabla sijaanza nikasikia nyuma yake sauti ya mwanamke mzee, kwa Kishelha cha huku kabisa, kile cha bibi zetu ambacho hata sisi hatukisemi tena: "Nani huyo? Ni mtu wa nyumba ya Rkiya?" Shangazi, uongo ulinikwama. Nikaeleza yote, surua, chungu, tanuri, Bibi. Kisha nikamsikia Tamu akimweleza mama yake, polepole, na nilipomsikia akitamka jina la Idder nilitamani nikate simu.

Freha alianza kucheka. Nilidhani nimesikia vibaya. Alicheka mpaka akakohoa, akaomba apewe simu. Nakuandikia alivyosema, niliyanakili nikiwa bado nimesimama pale posta.

"Mwanangu, hamira gani yangu? Siku zile sisi haturuhusiwi kuwa nayo, si ndani, si kwa jirani. Ya kwetu sharti iishe. Nilikuwa nampa Rkiya, yeye siku hiyo hiyo anaitia kwenye unga wake anaoka, nyie mnakula, imekwisha. Jioni ya siku ya nane alikuwa ananikatia ya kwake, na mimi naanza upya. Kila mwaka. Nyumbani kwangu hamira haikupata kufikisha mwaka mzima. Mlikuwa watoto, mliona chungu kinakuja na chungu kinaondoka."

Nikamuuliza: basi kile chungu Bibi alichokitunza mwaka ule?

"Ni ile aliyonitengea aje anipe. Ya kwake. Hakuacha kunitengea, basi."

Halafu akasema, na hapa hakuwa anacheka: "Mwambie Ijja aniletee ya kwake. Kama ni ya tanurini, ya tanurini. Kama amenunua dukani, ya dukani. Mimi nangoja mtu wa nyumba ile anikatie, nimekula mikate ya ajabu huku miaka yote hii." Akauliza mtoto aliitwa nani, ingawa alikuwa ameshaambiwa. Nikamwambia. Akalirudia jina mara mbili. Akasema nikuulize alikuwa amefanana na nani.

Nimevunja siri yako na sijui kama utanisamehe. Hamira ya Bibi mwenyewe huku haipo, nimeangalia. Tuda anatumia ya paketi tangu Bibi alipofariki, na nilipomuuliza akadhani namlaumu kuhusu mikate. Kituo cha mlango wa Makhluf nimekiacha bila hadithi. Jiwe lipo, lina rangi ya buluu, halina kitu. Kila nikipita nasimama hapo kama mjinga.

Sitakusukuma tena. Tarehe ni kumi na nane.

Mwanao,
Bihi


Casablanca, 9 Aprili 1998

Mwanangu Bihi,

Wa aleikum salaam. Idi imepita salama, nyama tumegawa, Zineb amevimba miguu lakini daktari anasema ni kawaida. Barua yako niliipata kabla ya Idi. Siku ya kwanza nilikulaani. Siku ya pili nilikulaani kidogo. Umri wako wote hujawahi kunyamaza ulipoambiwa unyamaze, kaka alikuwa analalamika hivyo ukiwa na miaka mitano.

Siku ya tatu nilikuwa nakanda, nikaacha mikono kwenye unga nikakaa chini.

Freha anasema ilikuwa ya Mama, siku zote. Basi Mama alikuwa anaijua hamira ile kuliko mtu yeyote duniani, alizaliwa nayo jikoni, alinikabidhi mwenyewe. Aliponusa chungu changu alinusa hamira ya mtu mwingine. Alijua hapo hapo. Alijua ya kwake imekufa, na alijua imekufa lini na kwa nini, kwa sababu alikuwa amekuja kwa arobaini. Akanitazama. Miaka ishirini na tisa nimeukumbuka mtazamo ule nikidhani ni wa mtu anayedanganywa. Akaniambia ndiyo hii, endelea. Na kila alipokuja alisifia mkate ule mbele za watu ili nisiache.

Nimelia, Bihi, si kidogo. Zineb akaja mbio akidhani ni goti. Nikamwambia kuhusu kaka yake. Alikaa nami sakafuni na tumbo lake lile. Hakuuliza kwa nini hatukusema. Aliuliza alikuwa akicheka namna gani, na nikakuta nakumbuka.

Nitapanda basi la tarehe kumi na sita. Hamira ya tanuri ninayo, nimeigawa mara mbili, moja ya Freha na moja ya Tuda aache hizo paketi. Usinitafutie mtu wa kusimulia pale mlangoni, nitasimama mwenyewe, na nitaanza na surua. Atakayekuja kusikia habari za majini atanisamehe. Mwambie Haji Bella naye aje, na asihangaike kuhusu milango, sitamtaja.

Na umpigie Freha simu kabla sijafika, umjibu alichouliza. Mwambie alifanana na Mama. Paji la uso, na namna ya kumtazama mtu bila kusema.

Shangazi yako,
Mama Idder